Mwongoza Wageni na Magoti ya Kuazima

Palikuwa na mtu aliyeishi kwa kuwaonyesha wengine mji. Jina lake Mbaruku, na mji wenyewe ulikuwa wa mawe, umejengwa bondeni, mahali ambapo upepo hupita juu bila kushuka. Joto la huko halikuwa la mchezo. Ilipofika saa tano wenye nyumba walifunga madirisha, paka wakaingia mitaroni, na mitaa ikabaki myeupe na mitupu kama sahani iliyooshwa.

Mbaruku alikuwa na vituo kumi na vinne: lango, kisima, mahakama ya zamani, ghala la ngozi, na vinginevyo. Aliviandika kwenye kadi aliyoivaa shingoni, na kila kituo kilikuwa na saa yake. Waongoza wageni wengine walifika cha nane au cha tisa wakaishia hapo. Yeye alivimaliza vyote kabla ya alasiri, hata wenzake wakamwita Mbaruku Saa. Hakuwa mtu mbaya. Aliupenda mji wake, na aliona ni dhuluma mgeni atoke mbali kisha aondoke hajauona wote.

Mwaka mmoja walikuja wazee kumi na mmoja kutoka milimani, watu wa baridi na migomba, ambao magoti yao yalikuwa yamechakaa kwa kupanda na kushuka. Walimfuata Mbaruku kwa mikongojo, polepole, wakiitikia kwa vichwa kila alichowaeleza. Sasa, huko kwao mzee haoni aibu kuumwa. Huona aibu kuwachelewesha wenzake. Kwa hiyo akizidiwa njiani huwapa ruhusa. Husema, "Tangulieni, nitawakuta." Na walio wadogo kwake huikataa ruhusa hiyo. Mmoja atasema kiatu kinambana, mwingine atasema anatafuta ugoro wake, na wote watakaa chini. Mkubwa hutoa, mdogo hukataa. Ndiyo heshima yao, na hawakumbuki ilianza lini.

Kati ya kituo cha tisa na cha kumi, mzee mmoja aitwaye Eliamani aliegemea ukuta wa ghala la ngozi. Alivua kofia yake, akajiketisha, akasema, "Tangulieni, nitawakuta." Wenzake wakamtazama Mbaruku, maana mgeni hufuata la mwenyeji. Mbaruku akatazama kadi yake.

"Haya," akasema, "twende."

Walirudi kwa njia nyingine, kwa kuwa ndivyo kadi ilivyopangwa. Walipoanza kupanda basi ndipo ilipoonekana kwamba mmoja hayupo. Walimkuta palepale, ameketi vilevile, kofia juu ya goti, macho yakitazama upande walikokwenda. Alikuwa amekwisha kufa.

Hakuna aliyemlaumu Mbaruku. Wazee walisema siku ya mwenzao ilikuwa imefika. Naye Mbaruku alisema kwamba yeye ni mtu wa mjini, desturi za milimani angezijulia wapi? Alilisema hilo mara nyingi, hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Wazee walikuwa wanakuja tena, walewale, na safari hii pamoja nao angekuwapo Nakiete, mjane wa Eliamani, mwenye miaka themanini na mguu mmoja wa kuburuta. Barua ilikuwa fupi. Mstari wake wa mwisho ulisema: Na atuongoze yuleyule.

Mbaruku aliusoma mstari ule akitafuta hasira katika maneno yale, asiione. Na kwa kuwa hakuiona, akaogopa zaidi. Akaapa kwamba hatamwacha mtu nyuma. Akakaa kibarazani na kalamu, akafuta vituo viwili, akarudisha kimoja, akafuta vingine vitatu. Shangazi yake, Bi Kidawa, ambaye kwa miaka minne hakuwa amevuka kizingiti kwa sababu ya miguu, alimtazama kutoka kitandani kwake hadi uvumilivu ukamwisha.

"We baba, hiyo njia unaipima kwa miguu ya nani?"

"Kwa hii yangu, shangazi. Nimeipita leo alfajiri. Haina taabu hata kidogo."

"Alfajiri! Na magoti ya mbuzi dume! Njoo hapa nikuazime ya kwangu."

Akachana kanga kuukuu vipande vipande, akamfunga magoti yasikunjike vizuri. Akamfunga vifuko vya mchanga kwenye vifundo vya miguu. Akamtilia punje za kunde viatuni, akamvika miwani yake iliyoingia ukungu, akampa mkongojo. Mafundo aliyakaza kwa meno.

"Sasa nenda saa ileile mliyopita na marehemu. Na usifungue mpaka ufike mwisho. Leo utajua ilivyo kuyaita maji mara tatu kabla hujaniletea."

Mbaruku alitoka akicheka. Alipofika kituo cha pili, kicheko kilikuwa kimekwisha. Mahakama ya zamani ilikuwa na ngazi saba. Kwa miaka ishirini alikuwa amewaeleza watu ni nani aliyeijenga na ni nani aliyehukumiwa ndani yake, na hakuwahi kujua kwamba ina ngazi saba, na kwamba ya tano ni ndefu kuliko nyingine. Mtaa aliozoea kuupita kwa pumzi moja ulirefuka mbele yake kama kamba inayovutwa kutoka kisimani, na ndoo haionekani.

Karibu na soko alikutana na Chande, muuza kahawa, rafiki yake wa kila jioni.

"Shikamoo, mzee," akasema Chande, akimpisha njia.

"Acha mzaha, Chande. Ni mimi, Mbaruku."

Chande alisimama. Alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu ambaye akili yake imeanza kumpotea. "Haya, babu. Nikimwona nitamwambia." Akaenda zake akigonganisha vikombe.

Mbaruku alivua miwani. Akauona mkono ulioishika. Ngozi ilikuwa imelegea, ina madoa, na mishipa imesimama juu yake kama mizizi juu ya ardhi iliyochukuliwa na maji. Akajiambia ni jua. Akainama afungue mafundo, lakini vidole havikuwa na nguvu ya kushika, na alipopapasa hakuweza kujua kitambaa kinaishia wapi na goti linaanzia wapi.

Hapo ndipo alipoanza kuwaona. Nyuma ya kila dirisha, katika mianya ya mbao, palikuwa na uso wa mzee. Mtaa mzima ulikuwa umejaa wazee. Miaka ishirini alikuwa amepita chini ya madirisha yale akiwaambia wageni, "Nyumba hizi sasa ni tupu," naye akiamini. Hawakumwita. Hawakumpungia. Walimtazama tu, bila mshangao, kama watu wanaomtazama mgeni ambaye walikuwa wamearifiwa ujio wake.

Saa sita ikamkuta kwenye ghala la ngozi. Kivuli kilichobaki chini ya ukuta hakikuzidi upana wa mkeka wa kuswalia. Alivua kofia yake, akaketi humo. Mawe yalikuwa na joto mgongoni mwake, na halikuwa joto la jua, kwa maana upande ule jua lilikuwa halijaufikia. Lilikuwa joto la mahali alipoinuka mtu sasa hivi.

Akasikia mikongojo. Kundi la wazee liliingia mtaani, na mbele yao mtu mwepesi, kadi shingoni, akitembea kinyumenyume huku akieleza. Mbaruku aliijua sauti kabla hajaijua sura. Mtu yule akaja akasimama mbele yake.

"Vipi, mzee wangu? Tunakwenda?"

Mbaruku alikusanya nguvu zake zote ili aseme: maji. Ili aseme: nishike mkono. Lakini wale wengine walikuwa wamesimama juani wakimngoja yeye, na aibu ikampanda kutoka miguuni hadi kooni, na kinywa chake kikasema, "Tangulieni, nitawakuta."

Akaukazia macho uso ule uliomwinamia. Hakuna kioo kilichowahi kumwonyesha kwa karibu namna ile. Uso uliyaona magoti. Uliiona midomo iliyokauka, na kofia aliyoshindwa kujipepea nayo. Ukaelewa yote. Kisha kitu kidogo kikapita juu yake, chepesi, kama upepo ambao mji ule haukuwa nao. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo.

"Haya," ukasema uso ule, "twende."

Mikongojo ikafifia. Mtaa ukawa mtupu.

Hakujua alikaa pale muda gani. Alichojua ni kwamba dirisha moja la juu lilifunguka kidogo, na kikapu kikashuka kwa kamba, jinsi wanawake wa mji ule wanavyokishusha wakitaka kununua mboga bila kuteremka. Ndani yake mlikuwa na chupa ya maji.

"Kunywa, baba," ilisema sauti ya kikongwe. "Yule wa mwaka jana nilimshushia, hakuweza kuinua mkono. Nilipiga kelele mpaka kifua kikaniuma. Lakini saa hizi hapo chini hapiti mtu, na wanaopita wana haraka."

Mbaruku alikunywa. Aliponyoosha tena mkono wake kwenye magoti, mafundo yaliachia yenyewe, kama yaliyokuwa yakingoja tu kuambiwa. Mkono ulikuwa wake. Miguu ilikuwa yake. Alirudi nyumbani peku, viatu mkononi, na Bi Kidawa alipomwona mlangoni hakumuuliza njia ilikuwaje. Aliita maji mara moja tu, nayo yakaja.

Wazee walipofika, Mbaruku hakuvaa kadi. Aliwatoa kabla jua halijapanda, akawakodia mikokoteni miwili iliyofunikwa turubai, akachukua viti vya kukunja na mitungi ya maji. Wakamuuliza leo wataona vituo vingapi. Akawaambia kimoja, na kwamba wakichoka kukitazama watakilalia. Wakacheka. Mzee mmoja akasema huyu kijana mwaka jana alikuwa na mbio za swala, leo amekuwa kobe, bila shaka ameoa.

Kituo chenyewe kilikuwa ukuta wa ghala la ngozi. Asubuhi ukuta ule huulaza mtaa wote kivulini. Wazee walikaa kwenye viti, wakanywa kahawa ya Chande, na madirisha yakaanza kufunguka moja moja, na wa juu wakawasalimia wa chini.

Nakiete hakutaka kiti. Aliomba aonyeshwe mahali, akaketi chini, mgongo ukutani, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Mbaruku alibaki amesimama. Alikuwa na maneno yake tayari. Alikuwa ameyarudiarudia mwaka mzima, na yalikuwa laini kama jiwe la mtoni.

"Alikwambia nini?" Nakiete aliuliza bila kumtazama.

"Alisema, tangulieni, nitawakuta."

Mama yule akasema polepole, kama anayemwekea mtu kitu mkononi, "Wewe ni mtu wa mjini, mwanangu. Desturi yetu hukuijua."

Hakuwa akiuliza. Mbaruku alimtazama, na akatambua kilichokuwa kikitendeka. Alikuwa akipewa ruhusa. Mwanamke aliyechoka, aliyetoka mbali, aliyebaki peke yake, alikuwa akimwambia kwa heshima aende zake na moyo mwepesi. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Angesema neno moja tu, naam, na asingeulizwa tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Akakunja magoti, akaketi chini kando yake.

"Niliijua, mama," akasema. "Wazee wa kwenu nimewaongoza miaka mingi. Niliijua, nikamwona alivyo, na nikafurahi kwamba ameniruhusu."

Nakiete hakulia, wala hakusema amesamehe. Jua lilikuwa likipanda, na kivuli kikianza kujikunja kuelekea ukutani, naye alikaa hivyo hadi wengine wakaanza kukunja viti. Mzee mmoja akamwita. Hapo akaushika mkono wa Mbaruku ili ainuke, akauegemea kwa uzito wake wote, na hakuuachia mpaka walipofika kwenye mkokoteni.

Basi wewe mwenye miguu mizima, hebu jiulize: ni ruhusa ngapi umepewa na watu waliochoka, nawe ukazipokea kwa shukrani?