Asali Waliyonyang'anywa Nyuki

Ndugu zangu, kulikuwa na mfuga nyuki mmoja huko milimani, kule ambako mwezi wa sita umande unaganda juu ya nyasi na watu wanashinda na blanketi mabegani. Alikuwa na mzinga mmoja, umejaa vizuri. Baridi ilipokaribia akaufungua arine asali, mke wake akimpulizia moshi.

Mke akamwambia, "Baba, haya masega ya katikati waachie. Baridi inakuja."

"Nimwachie nani? Wadudu?"

"Ndiyo, hao hao. Si wao walioitengeneza?"

"Watatengeneza nyingine." Akakamua yote, akawarudishia masega makavu.

Mnajua nyuki anavyoivuka baridi? Hana koti, hana moto. Wanajikusanya wote wanakuwa donge moja, malkia katikati, na kila mmoja anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Kutetemeka huko ndiko kunakoleta joto. Wa pembeni akipoa, anajipenyeza ndani, mwingine anatoka kushika nafasi yake. Lakini atatetemekaje na njaa? Asali ndiyo kuni zake!

Ukungu ukaja, ukakaa. Hakuna ua lililofunguka. Asubuhi moja yule bwana akaweka sikio kwenye mzinga, kimya. Akafunua. Nyuki wote wamekufa, wametumbukiza vichwa ndani ya masega, wakitafuta tone.

Unadhani alilia? Alikasirika! "Wavivu hawa. Nimewapa nyumba, wamenifia. Basi, baridi ni ya Mungu, nifanyeje?"

Mke wake akamtazama. "Baridi ni ya Mungu. Asali nani aliichukua?"

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema, huyo bwana ana roho mbaya. Tulieni kwanza.

Mwezi uliopita tulimzika mama aliyekuwa akitufulia nguo, karibu kila nyumba ya mtaa huu. Kichomi. Alilala kwenye sakafu ya stoo ya mmoja wetu, juu ya gunia. Alipokohoa tukasema anajisingizia ili asifanye kazi. Sisi tulikula wali, yeye tukamwachia ukoko. Kisha tukavaa vizuri, tukasimama kaburini tukaimba, tukasema ni mapenzi ya Mungu.

Mapenzi ya Mungu? Mungu ndiye aliyemnyima godoro? Mungu ndiye aliyefungia blanketi kabatini, zinasubiri wageni? Acheni kumsingizia Mungu! Tumechoka kumtwika maiti ambazo ni zetu sisi.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujanawa mikono, ingia jikoni. Muulize yule anayekupikia amekula nini tangu asubuhi, na usiku analalia nini. Muulize kwa jina lake. Kama jina lake hulijui, usije mbele hapa kuniomba nikuombee baraka. Nenda kwanza ukamuulize anaitwa nani.