Kodi ya Moshi

Wapendwa, leo sitaanza na maneno matamu. Nina habari ya mtu mmoja, na ni habari ya hasira, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjachagua upande.

Mtu huyo alikuwa mpasua mbao. Yeye na kaya arobaini walitoka kwao wakavuka milima, mwendo wa siku kumi na mbili, kwa sababu serikali yao iliwaambia: nendeni kule juu, fyekeni, kaeni, pale ni penu. Wakaenda. Walichokuta ni msitu na baridi. Mwaka wa kwanza walizika watoto saba, wa pili wakazika kumi. Mpasua mbao alizika wawili. Majeneza aliyachonga mwenyewe, kisha akarudi kazini, maana mvua zilikuwa njiani na watu hawakuwa na paa. Hakuna nyumba katika mji ule ambayo mbao zake hazikupita kwenye msumeno wake. Hata kanisa.

Na serikali iliyowatuma? Kimya. Miaka kumi na minne hakuja mganga, hakuja mwalimu, haikuja hata barua ya kuuliza kama ni wazima. Halafu mji uliposimama na mashamba yakaanza kutoa ngano, barua ikafika. Ilisema kila moto unaotoa moshi utalipiwa kodi.

Karani alikuja na askari wanne. Asubuhi alipanda kilimani, akatazama mji, akahesabu moshi. Kila moshi, madebe mawili ya ngano kwa mwaka. Mwaka uliofuata yakawa manne. Na aliyeamua hivyo alikaa kule, siku kumi na mbili, hajawahi kusikia baridi ya pale hata siku moja. Watu wakaanza kupika nyumba tatu jiko moja. Wazee wakala viporo bila kuvipasha. Bibi mmoja alikufa kwa kichomi ndani ya nyumba iliyojaa kuni kavu.

Siku moja mke wa mpasua mbao alishikwa na uchungu. Mkunga akataka maji ya moto na chumba chenye joto, basi wakawasha moto wa pili kwenye kibanda cha uani. Mtoto hajalia hata vizuri, karani yuko mlangoni.

"Nimeona moshi sehemu mbili," alisema.

"Mke wangu amejifungua sasa hivi," alisema mpasua mbao. "Ule wa nyuma ni wa kuchemshia maji. Kesho hautakuwepo."

"Mimi sikuja kesho. Nimekuja leo."

"Wewe huna watoto?"

"Ninao watatu. Amri hii sikuitunga mimi, bwana. Nafuata utaratibu."

Ngano ya kulipia moto wa pili haikuwepo. Askari wakachukua msumeno.

Mpasua mbao alisimama uani akawatazama wakiondoka na chombo kilichojenga mji mzima. Aliingia ndani akamtazama mtoto. Huyu hana hata saa moja duniani, akawaza, na tayari ameshatozwa.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, aliinuka akaenda mbele.

"Nina swali moja," alisema. "Siku walipokaa kupanga kodi hii, ni nani kati yetu aliyekuwepo? Ni nani aliyeulizwa? Anayekula jasho langu bila kuniuliza si mtawala wangu. Ni mwizi mwenye muhuri."

Watu walilia mle ndani. Wakakubaliana kwamba hakuna debe litakalotoka. Karani aliporudi alikuta mji mzima umesimama barabarani, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Wakawanyang'anya askari wake silaha, wakaurudisha msumeno wa mpasua mbao, wakamwonyesha njia aliyojia.

Naziona nyuso zenu. Mmefurahi. Hata mimi ningependa niishie hapo, tuimbe, twende zetu nyumbani. Lakini kaeni kwanza.

Siku ya tatu baada ya karani kufukuzwa, mama mmoja mtu mzima alikuja mahali mpasua mbao alipokuwa akifanyia kazi. Mama huyu alikuwa wa watu walioishi katika msitu ule kabla hajafika mlowezi hata mmoja. Sikuwataja mwanzoni, na ninyi hamkuniuliza. Nilisema walikuta msitu na baridi, mkaniamini. Msitu ule ulikuwa na wenyewe. Walowezi walipoanza kujenga waliwawekea sharti: mnaweza kuendelea kukaa hapo pembeni, ila kila kaya itoe mtu wa kubeba magogo siku mbili kwa juma. Magogo yote ya mji ule yalipita kwenye mabega yao. Mama huyu alibeba tangu mwaka ule wa kwanza. Jina lake mpasua mbao hakulijua.

Mama alimzidi umri kwa mbali, lakini ni yeye aliyemwamkia shikamoo. Mpasua mbao aliitikia bila kuinua kichwa.

"Jumapili nilikuwa nje, chini ya dirisha la kanisa," alisema yule mama. "Nilikusikia. Ulisema vizuri, baba. Tumekaa na wenzangu tumeyarudia maneno yako. Nimekuja kukwambia kwamba kesho hatutabeba. Na sisi hatukuulizwa."

Mpasua mbao aliinua kichwa. Kwa kitambo kidogo sana alisikia kitu kama aibu. Kisha ikaja hasira, kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo kwa karani.

"Hilo ni jambo lingine," alisema.

"Ni lingine kwa namna gani?"

"Sisi tuna haki na ardhi hii. Tumezika watoto hapa."

"Na sisi tumezika. Kanisa lako limekaa juu yao."

Wapendwa, mtu aliyewaliza watu Jumapili aliokota kipande cha ubao akampiga mama yule begani. Bega lilelile la kubebea magogo. Mama hakulia. Alijifunga nguo yake vizuri akaondoka.

Baada ya miezi miwili serikali ilileta askari mia mbili. Kulikuwa na njia moja tu ya kuwaficha wanawake na watoto, ndani kabisa ya msitu, na walioijua ni watu wa yule mama. Mpasua mbao alikwenda mwenyewe. Alisimama nje ya nyumba ya mama huyo akamwomba. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Huyo anayekuja ni mbaya?" aliuliza.

"Ni mbaya sana, mama. Atatukalia mpaka tufe."

"Sisi tumeshakaliwa. Aje yeye au ubaki wewe, gogo ni lilelile. Wanawake walete, na watoto wao. Hao watoto hawajanipiga. Ninyi wanaume rudini kwenu."

Wakawapeleka wanawake na watoto, kisha wanaume wakarudi mjini. Askari waliingia adhuhuri, na jioni kodi ikawa madebe manane. Mpasua mbao alilipa.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisemi tunyamaze tukionewa. Aliyemtoza mzazi maji ya moto ataulizwa na Mungu, na kila aliye mbali anayetupangia maisha bila kutuuliza ataulizwa. Hasira ya yule mtu ilikuwa ya haki. Jumapili ile Mungu alikuwa upande wake. Siku ya tatu Mungu alisimama na yule mama, na mtu wetu hakutambua hata kwamba ameachwa peke yake.

Sisi tunajua sana kuwachukia wa mbali. Yule dada anayelea wanao, ndugu yangu, siku yake ya kupumzika ni ipi? Ni nani alimuuliza? Mkeo alijua lini kwamba mnahama? Alisikia kwako, au alisikia kwa jirani?

Na mimi nisijifiche nyuma ya mimbari. Mwezi uliopita baraza la kanisa hili liliamua kwamba kina mama wa kila jumuiya watashinda hapa Jumamosi zote wakibeba mchanga wa ujenzi. Tulikuwa wanaume tisa kwenye kile kikao. Hakuna aliyesema, tuwaulize. Mimi ndiye niliyekifunga kwa sala.

Jumamosi hii mchanga ule hautabebwa na mtu ambaye hakuulizwa. Wazee wa kanisa, nawaomba mje hapa mbele, wote wanane, tusimame pamoja. Kina mama, msiinuke. Tutawauliza sasa hivi, na mkisema hapana, itakuwa hapana.