Punje Iliyokaa Upande

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ni kitu cha kung'olewa kwa kucha mbili tu, mtu akitaka. Lakini wapo watu ambao wakishachomwa hukung'uta mguu, hucheka na kuendelea na safari kwa sababu wamechelewa. Kisha mguu unavimba hadi hauingii kiatuni, nao wanaanza kutafuta wa kumlaumu. Mara nyingi methali hii husimuliwa juu ya mtu aliyedharau na akaumia mwenyewe. Kisa hiki ni kibaya zaidi, kwa sababu mwiba aliudharau mmoja na tende ikaota kwenye mguu wa mwingine.

Mwenye kudharau aliitwa Kibano. Hilo lilikuwa jina la utani, na lilimkaa kama soksi. Mchana alikuwa karani wa bohari ya vipuri, mtu wa kuhesabu boliti na kujaza fomu. Akirudi nyumbani alibadili shati, akafuta meza ya kulia chakula na kuketi na kibano chake cha chuma, kama daktari wa upasuaji aliyekosa mgonjwa. Alitengeneza bodi za taa za LED, si kwa biashara bali kwa mapenzi tu. Taa zenyewe zilikuwa ndogo kama punje za mtama, naye alizoea kuziita hivyo hivyo, punje. Hazikuwa na miguu ya kupenya kwenye matundu. Zilikaa juu ya uso wa bodi, kila moja ikishikwa na tone la lehemu huku na tone huku. Alipaka lehemu iliyo laini kama uji mzito, akapanga punje moja moja huku amebana pumzi, kisha akailaza bodi juu ya pasi ya nguo kuukuu aliyoipindua tumbo juu. Lehemu ilipoyeyuka na kung'aa, punje zilijivuta zenyewe zikakaa sawa. Saa hiyo hata ungemwambia nyumba inaungua angekuomba usubiri kidogo.

Pasi ile alipewa na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Huyo dada ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha kwa kushona sare za watoto wa watu. Sasa alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na binti huyo alikuwa ameposwa. Wanawake wa mtaa mzima waliolewa ndani ya magauni yaliyotoka mikononi mwa dada huyu, na kwa miaka mingi alikuwa akisema jambo moja tu: siku ya mwanawe, gauni atalishona yeye, kuanzia shingo hadi pindo, na hatamruhusu mtu mwingine hata kutunga uzi kwenye sindano. Alikwishanunua kitambaa, cheupe pe. Kikwazo kilikuwa mwanga. Jirani alikuwa ameinua ghorofa mkabala na dirisha la chumba cha kushonea, na tangu hapo chumba kilikuwa na kiza hata saa sita mchana. Tena kliniki ya macho ilikuwa imempa miwani na kumwonya kwamba umri unabisha hodi.

"Mdogo wangu," alimwambia Kibano, "uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe unataka mwanga wa kweli. Hebu hayo madude yako yanifae na mimi."

Kibano alifurahi mno. Kwa majuma mawili hakuzungumza jambo lingine. Alichora bodi ya punje ishirini na nne, akaziunga katika makundi matatu ya punje nane nane zilizoshikana mikono, kiasi kwamba moja ikiachia, wenzake saba huzimika pamoja nayo. Ili mwanga uenee vizuri, aliyachanganya makundi yale bodi nzima, yasiwe safu safu. Ilikuwa kazi safi, na hata anayemlaumu lazima akiri hivyo.

Siku ya Jumapili asubuhi bodi ilitoka kwenye pasi. Mke wake, ambaye alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji na aliyeweza kuona nukta iliyokosekana kutoka upande wa pili wa meza, alichukua kioo cha kukuzia akainama juu yake. Alimwambia kwamba punje ya kumi na moja imekaa upande, na kwamba lehemu ya chini yake haing'ai kama ya wenzake, imekuwa ya kijivu kama uji uliopoa. Kibano alitazama. Ilikuwa kweli. Aliibonyeza kwa ncha ya kibano, akawasha umeme, na punje zote ishirini na nne zikawaka.

"Si unaona? Imelala tu, haijafa," alisema.

"Irudie. Kitu kinachosubiri kubonyezwa ndipo kiwake, kina neno."

Kuirudia kulikuwa na maana ya kuipasha bodi nzima moto upya, na pengine punje nyingine zisogee. Dada alikuwa anasubiri. Picha alikwishazituma kwa wenzake wa mchezo ule, na sifa zilikuwa zinamiminika kwenye simu. Kulikuwa pia na desturi ambayo kila mpenda kazi ile anaijua: bodi mpya huachwa iwake saa nzima kabla ya kufungiwa kwenye kasha lake, maana kasoro nyingine hazijitokezi mpaka bodi ipate joto. Kibano aliipa dakika tano. Alimwambia mke wake kwamba hata akikosea moja kati ya ishirini na nne, amefaulu mtihani. Mke wake alirudisha kioo mezani na kwenda kuendelea na shughuli zake.

Dada alipoona chumba chake kinang'aa, alikaa kwenye kiti akalia kidogo. Kibano alimpa maagizo: asiitazame taa usoni, itamuumiza macho; ageuzie mwanga kwenye sindano na aangalie kazi yake tu. Dada aliahidi, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Alikata kitambaa siku ileile. Kesho yake akaanza kushona. Kwa nusu saa ya kwanza uzi ulionekana kama umepigwa mstari. Kisha weupe wa kitambaa ukawa kama umeingia ukungu. Akavua miwani akaifuta. Akaivaa tena. Ukungu ulikuwa palepale. Alizima taa, akafumba macho kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na alipowasha tena aliona vizuri kama mwanzo. Baada ya nusu saa ukungu ukarudi. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Mwanamke yule aliyetumia macho yake miaka thelathini akajifunza kwamba sasa macho hayo yana nusu saa tu ndani yake.

Hakumwambia mtu. Binti yake angemkataza kushona, na mdogo wake angesononeka. Alishona kwa vipande vya nusu saa, akifumua zaidi ya anavyoshona, kwani mshono aliouona umenyooka jioni ulikutwa asubuhi umepinda kiunoni. Siku moja tu, Kibano alipopita kumsalimia, alijikaza akauliza kama taa za namna hii huwa zinapungua nguvu zikiwaka muda mrefu.

Hapa ndipo ningependa kumshika Kibano bega. Swali lilikuwa limeletwa mlangoni kwake, limevuliwa viatu, limekaribishwa kiti. Naye aliikumbuka punje ya kumi na moja. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliikumbuka. Lakini aliwasha taa, ikawaka yote, akaona aibu kuanza kuungama kasoro ambayo haionekani. Akacheka.

"Taa hizi hazichoki, dada. Zinawaka saa elfu hamsini. Tunaochoka ni sisi."

Dada naye akacheka, akasema ni kweli, ujana hauazimwi. Juma lililofuata alikunja vipande vyote vya gauni, pamoja na uzi na vifungo, akavitia kwenye mfuko na kumpelekea fundi wa barabara ya pili. Alimwambia binti yake kwamba macho yamekataa. Binti alimkumbatia akasema gauni ni kitambaa tu, bora mama yupo. Alisema kwa upendo, lakini neno lile, kitambaa tu, lilimkata mama yake kuliko mkasi.

Arusi ilifana. Gauni lilikuwa zuri, ila bega la kushoto lilivuta kidogo, kasoro ambayo watu mia mbili hawakuiona na mmoja aliiona. Dada alikaa mstari wa mbele na mikono yake mapajani, haina kazi. Wageni wawili waliompongeza kwa ushonaji walijibiwa kwamba aliyeshona ni mwingine, na Kibano, aliyekuwa ameketi karibu, aliwaza moyoni kwamba uzee ni mbaya.

Siku chache baada ya arusi dada alimrudishia taa ndani ya kasha lake. Alisema ni kitu kizuri, ampe mtu mwenye macho. Kibano aliipokea kwa huzuni ya kawaida, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, akaiwasha ili aone kama bado nzima, kisha akaenda kuoga. Akakaa na mke wake wakala. Walikuwa katikati ya maongezi mke wake aliponyamaza, akatazama meza, halafu akatazama dari.

"Mbona pamefifia?" aliuliza.

Kibano aligeuka. Alifungua kifuniko cheupe cha taa. Punje nane zilikuwa zimezimika, zimetawanyika kati ya wenzake kiasi kwamba jicho lisingeziona bila kutafuta. Bodi ilikuwa ya moto. Aligusa punje ya kumi na moja kwa ncha ya kibano na zote nane zikawaka. Akainua kibano, zikazimika.   Alizima umeme akangoja bodi ipoe, akaiwasha tena huku ameshika saa mkononi, akakaa pale kama mtu anayengoja hukumu. Mwanga ulififia dakika ya thelathini na mbili. Hapo alikumbuka dada alivyosema macho yamekataa, na alivyouliza swali lake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mke wake hakumwambia kwamba alimwonya. Angesema, pengine ingekuwa nafuu.

Kesho yake alfajiri Kibano alisimama kwenye chumba cha kushonea. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Alisema yote kwa pumzi moja, kuanzia punje iliyokaa upande, dakika tano badala ya saa nzima, hadi kile kicheko. Alisema macho ya dada yake hayakuwa na kosa lolote. Taa ndiyo iliyokuwa ikizimika.

 Kibano alitarajia labda atafurahi, kwa sababu mtu amerudishiwa macho yake. Dada hakufurahi.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua imekaa upande. Sikudhani itafika huku."

"Nilikuuliza, mdogo wangu."

"Uliniuliza, dada."

"Ungesema tu kuna punje moja huiamini. Ningeitazama. Ningekuita, ungebonyeza, ningeendelea kushona." Alilainisha shuka juu ya cherehani kwa kiganja. "Mimi niliuamini mkono wako kuliko macho yangu mwenyewe."

Kibano alipiga magoti akaomba msamaha, naye akamsamehe, kwa kuwa ndiye aliyemlea na hakujua njia ya kutomsamehe. Aliitengeneza bodi upya, akaiacha iwake siku nzima kabla ya kuifunga, akairudisha. Dada anashona hadi leo, saa tatu mfululizo bila kupumzika. Anashona mapazia, sare, magauni ya mabinti wa watu. Lakini binti yake alikuwa mmoja, na siku ile ilikuwa moja.

Ukutani, juu ya cherehani, kuna picha ya arusi. Majuzi mteja mmoja aliitazama akauliza kama gauni lile zuri alilishona mwenyewe. Kibano alikuwa pale, hatua mbili tu kutoka walipo, ameleta betri mpya ya saa ya ukutani.

"Hapana," dada alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye sindano. "Wakati ule macho yalikuwa yananisumbua."

Mteja alimpa pole. Kibano alitaka kusema si kweli, alitaka watu wote waambiwe, lakini dada yake alikwishamtazama mara moja kwa jicho la kumnyamazisha, lile alilomtazama nalo utotoni Kibano alipovunja vitu na dada akasema yeye ndiye aliyevunja. Hapo ndipo alipoelewa kwamba uongo ule ataubeba dada yake kwa niaba yake mpaka kaburini, kwa ajili ya tone moja la lehemu ambalo yeye aliona uvivu kulirudia. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.