Mguu, Spana na Kikopo cha Breki

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana nikimaliza nitawadai hukumu.

Huko Upareni, milimani kunakolimwa tangawizi, mjane mmoja aliachiwa na mumewe mabinti watatu na pikapu moja kuukuu. Nakijwa, mkubwa, alijaliwa miguu: alipanda mlima na gunia kichwani huku anaimba. Namkunda, wa kati, alijaliwa mikono. Nati iliyowashinda wanaume yeye aliifungua kwa kupapasa tu. Naetwe, kitinda mimba, alijaliwa macho, na akikukodolea, wewe ndiye utakayetazama chini.

Eliamani, mdogo wa marehemu, alilitaka gari lile. Mpira wa breki ulipopasuka, mabinti wakafunga mpya, lakini pedali ikawa inazama hadi chini bila kushika kitu, kwa sababu upepo ulikuwa umeingia kwenye mabomba. Eliamani akachukua ufunguo, akautia mfukoni.

"Gari gani la wanawake hilo! Ukoo umenikubalia. Lisiposimama kwa breki leo kabla ya jua kuzama, ni langu."

Bila gari, tangawizi ya mama yao ingeozea shambani, na wao wangebaki kumpigia magoti huyo huyo Eliamani.

"Haondoki nalo," akasema Namkunda, akaingia chini ya gari na spana.

Kazi yenyewe iko hivi. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia. Wa pili anafungua nati ndogo gurudumuni, upepo unatoka pamoja na mafuta, anaifunga, ndipo mguu uachie. Wa tatu anaongeza mafuta ya breki kwenye kikopo chake kisikauke. Mmoja akikosea, upepo unarudi, na wao walikuwa na chupa moja tu ya mafuta.

Nakijwa akakanyaga, akashikilia hadi paja likawaka moto. Nati ikiwa bado wazi, Eliamani akapaza sauti: "Achia!" Nakijwa hakuweza kumwona mdogo wake kule chini, na baba mdogo ni mtu wa kutiiwa. Lakini hakuachia.

"Samahani, baba mdogo. Mguu huu leo unamsikiliza Namkunda tu."

Namkunda naye mafuta yalimchuruzikia usoni. Eliamani akainama. "Toka huko! Mtoto wa kike unalala chali, wapita njia wanakuona!"

"Waache wapite," akajibu, akafunga nati, akahamia gurudumu jingine.

Eliamani akamgeukia Naetwe. "Na wewe, mimi si mgeni hapa? Chai yangu iko wapi?"

Jamani, aibu hiyo mnaijua! Mgeni akae mkavu, tena nyumbani kwa marehemu kaka yake! Naetwe hakubandua jicho kwenye kikopo.

"Jiko unalijua, baba mdogo. Majani yako kwenye kopo."

Mama yao akajifunika uso kwa khanga. Mimi nasema alikuwa anacheka.

Walipomaliza, Eliamani akaingia garini mwenyewe, akaliachia kwenye mteremko wa uani, akakanyaga breki kwa dharau. Gari likasimama papo hapo, kofia yake ikaruka hadi kwenye kioo. Akashuka amenuna, ufunguo mkononi.

"Sawa. Lakini ukoo haukabidhi ufunguo kwa kundi. Nitajieni mmoja aliyetoa upepo, gari liwe lake. Mkishindwa, naondoka nalo."

Nakijwa akasema, "Ningeachia, tungekwisha." Namkunda akasema, "Ningetoka, tungekwisha." Naetwe akasema, "Ningekwenda jikoni, je?" Kisha wakatazamana, na hasira zote za siku ile zikawa zinatafuta pa kwenda.

Haya, mahakimu. Usiniambie wagawane, ufunguo haukatwi. Usiniambie apewe mama, kwa sababu ameshakataa. Na atakayesema apewe Eliamani, atoke nje ya nyumba yangu!

Je, wewe ungemtaja nani? Sema upesi, Eliamani keshaanza kurudisha mkono mfukoni.