Mvuke Kwenye Kioo

Ninyi mnaonong'ona huko nyuma, nisikilizeni. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini leo nawafundisha Kifaransa.

Mama mmoja alimpangisha binti wa chuo kikuu chumba cha uani. Muhula huo binti alikuwa anasoma matamshi ya Kifaransa: ulimi ukae wapi, pumzi ipite wapi. Mama hakuyajua hayo. Yeye alijua alichokichungulia dirishani: binti kaweka kioo kidogo chini ya pua, anasema "bo," anakitazama. Anasema "bon," kioo kinaingia mvuke, anacheka peke yake! Anakifuta, anaanza upya.

Ungefikiri nini wewe? Usijifanye mtakatifu. Ungefikiri kama mama: huyu anapiga ramli.

Basi tangu siku hiyo kuku akifa, ni binti. Goti likiuma, ni binti. Mwishowe mama akabandika simu mlangoni, akarekodi, akaenda kumwita mzee wa kanisa.

"Mzee, huyu atoke leo leo."

"Mama, nakuomba," binti akalia. "Kesho nina mtihani wa kutamka. Ukinitoa leo nimefeli."

"Utatamkia huko mbele! Mzee, bonyeza hapo uyasikie hayo mashetani."

Mzee akabonyeza. Kwa mbali, nyuma ya mlango: bo, bon, bo, bon. Na karibu kabisa, wazi kama mnavyonisikia mimi, sauti ya mama mwenyewe akimnong'oneza jirani: "Shoga, nitamwitia mzee wa kanisa. Ingawa na yeye, unadhani mkewe alimkimbia bure?"

Mama akaitafuta ardhi impasukie, ardhi ikakataa.

"Haya, binti," mzee akasema taratibu, "hicho kioo ni cha nini?"

"Cha kukagua pumzi yangu, mzee. 'Bo' maana yake mzuri, inapita mdomoni. 'Bon' ni mwema, lazima ipite na puani, kioo kipate mvuke. Bila mvuke, nimekusudia kusema mwema, nimesema mzuri tu."

"Rudi chumbani ukasome, mwanangu. Mama, wewe baki. Tuisikilize mpaka mwisho."

Ndugu zangu, sisi humu ndani wazuri tupo. Suti imepigwa pasi, kilemba kimesimama. Wema je? Binti wa watu anafuta kioo mara mia kwa ajili ya neno moja la kinywa chake. Sisi tumebandika simu mlango wa nani? Na tukibonyeza leo, itasikika sauti ya nani?

Sasa mgeukie jirani yako umwambie...

Hapana! Usimgeukie. Si ndiyo tabia yenu hiyo? Anza na mdomo wako. Tuombe.