Waya Ndani ya Kamba

Mtu mmoja wa Kyela, anayekaa karibu na mahali mto unapoingia Ziwa Nyasa, alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja na mashine ya kutafutia vitu vya kale vilivyozama. Yeye aliitwa Ambokile, na mdogo wake Gwakisa. Mashine waliinunua kwa ng'ombe wawili wa urithi. Ilikuwa na mpini mrefu, sahani ya duara chini yake, na hedifoni za kuvaa masikioni. Sahani ikipita juu ya chuma au fedha, hata iliyofukiwa mchangani, mashine hulia masikioni mwa aliyezivaa. Mwingine yeyote hasikii kitu. Kumbukeni hilo.

Shida yao ilikuwa mama yao. Upepo wa mwaka uliotangulia uliezua nyumba yake, na tangu hapo alilala chini ya turubai. Mvua za Kyela mnazijua, hazimwonei mtu haya. Ndugu hao wakaahidi mbele ya mama yao kwamba kabla mvua kubwa hazijaanza watakuwa wamemwezekea kwa bati. Tena walijua kwamba mvua zikianza, mto huleta tope na kuufunika mchanga wote pale mtoni, na kazi yao hulala mpaka mwaka mwingine.

Gwakisa ndiye aliyekuwa na kifua cha kukaa chini ya maji, kwa hiyo ndiye aliyezama. Ambokile alibaki kwenye mtumbwi ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mdogo wake, kwa sababu mkondo wa pale huvuta. Baba yao, aliyekuwa akizamia nyavu za watu zilizonasa, aliwaachia desturi moja. Aliyezama hakitazami alichookota. Hukipandisha ndani ya ngumi, huiweka ngumi juu ya kiganja cha mwenzake, ndipo hufungua. Aliyebaki juu ndiye anayeona kwanza. Baba hakuwahi kueleza sababu, na wao walipokuwa wadogo hawakuona haja ya kuuliza.

Kwa wiki tatu ngumi zilipanda na vitu: rupia za Mjerumani zilizogeuka nyeusi, heller, zile senti zake za shaba, zenye kutu ya kijani, kifungo cha koti la askari, na siku moja bawaba ya sanduku. Bawaba hiyo iliwatia moyo sana. Sanduku lenyewe halingekuwa mbali. Bati za kwanza zilikuwa zimeshaegemezwa kwenye ukuta wa mama, naye kila asubuhi alizipangusa vumbi kwa upindo wa khanga.

Kisha mnunuzi wa vitu hivyo, mtu wa mjini, akamwambia Ambokile huku akicheka kwamba katika kazi yao anayejua ukweli ni mwenye hedifoni. Akapanda gari lake akaondoka. Neno hilo hakulirudia tena, wala halikuhitaji kurudiwa.

Tangu siku ile Ambokile akaanza kumtazama mdogo wake kwa jicho lingine. Akaona kwamba Gwakisa ana kandambili mpya. Akaona kwamba anapopanda kupumua humeza mate kabla ya kusema. Akaona kwamba akitoka majini huenda kukojoa nyuma ya matete peke yake, kana kwamba kuna watu wanaokwenda kukojoa kwa msafara! Mambo hayo Gwakisa aliyafanya miaka yote, ila kaka yake hakuwahi kuyahesabu. Mtu akishaanza kutafuta, ndugu zangu, hakosi cha kuokota.

Ambokile akajiuliza angewezaje kujua kinachofanyika chini. Kamba ya nailoni ni laini, inanyumbuka, haimwambii mtu wa juu ila mvuto mkubwa. Jumapili moja, Gwakisa alipokwenda mazoezi ya kwaya, Ambokile alichukua waya mwembamba, ule wa kutegea digidigi, akaupenyeza katikati ya kamba tangu mwanzo hadi mwisho. Ilimchukua mchana kutwa. Kwa nje kamba ilikuwa ileile. Kesho yake akamwambia mdogo wake kwamba mkondo umezidi, ni heri sasa amfunge kwenye kifundo cha mkono, ule wa kulia, ili akivutwa amwahi haraka. Gwakisa akamshukuru. Alimshukuru kweli, akanyoosha mkono wenyewe.

Waya ukafanya kazi yake. Ambokile alihisi kila kitu, mdogo wake akiinama, akisimama, akirudi nyuma hatua moja. Moyo ulimdunda kwa furaha chungu. Siku hiyo Gwakisa aliinama mara nyingi mno, na hakupanda na kitu hata kimoja.

Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu pia. Gwakisa akalalamika kwamba mashine inaumwa, kwamba inalia mfululizo kama mtoto mwenye chango, mpaka analazimika kuinama kila mara kuipunguza sauti, na akiipunguza haisikii tena kitu. Walipofika ufukweni Ambokile akaijaribu mwenyewe juu ya mchanga, kamba ikiwa imebaki mtumbwini. Mashine ikalia pale tu ilipopita juu ya kisu. Nzima kabisa. Basi Ambokile akamwona mdogo wake kuwa mwongo aliyekamilika, na usiseme kwamba wewe ungeona vingine.

Mwezi ukapita hivyo. Hakuna bati iliyoongezwa ukutani kwa mama. Mama aliuliza mara moja tu kama kuna tatizo, na Ambokile akamjibu kwamba amwulize mwanawe mdogo.

Siku ya mwisho mawingu yalikuwa yameshatua juu ya milima ya Livingstone. Gwakisa akazama. Ambokile, ameufumba mkono juu ya kamba, akahisi ameinama mahali pamoja, akasimama, akainama tena palepale, akakaa muda mrefu, akainama mara ya tatu. Mvuto wa kamba, ishara yao ya kwamba amepata kitu, haukuja. Ambokile akajua leo ndiyo leo. Alipomwona anaibuka, hakungoja aweke ngumi juu ya kiganja. Alimkamata kifundo cha mkono na kumwamuru afungue.

Gwakisa akafungua. Kiganja kilikuwa kitupu, kinatoka damu. Ncha ya waya ilikuwa imetoboa nailoni na kumchoma. Gwakisa aliinamia ncha hiyo. Akaishika kwa meno, akaivuta, na waya ukaja, ukaja, wala haukuisha. Alivua hedifoni zake, akamvalisha kaka yake, kisha akaipitisha sahani ya mashine juu ya kamba.

Ambokile akasikia kwa mara ya kwanza kile ambacho mdogo wake alikuwa akikisikia. Kelele ile ilimwingia mpaka kwenye fizi. Sahani ilikwenda huku na huku juu ya kamba, na kelele haikupungua. Alipozivua hedifoni, Gwakisa alisema neno moja tu:

"Kaka, mwezi mzima nilikuwa nakusikia wewe."

Akafungua kamba mkononi, akaiweka taratibu mapajani mwa kaka yake, akachukua mashine na kuzama bila kufungwa popote.

Ambokile akabaki ameshika kamba isiyo na mtu. Sasa hakuhisi kuinama wala kusimama. Aliogopa mkondo, akaogopa na ule ukimya, akalia. Gwakisa alipoibuka ng'ambo ya pili ya mtumbwi, midomo imebadilika rangi, ngumi yake ilikuwa imefungwa. Angeweza kukitupa ziwani kilichokuwamo, na nani angemlaumu? Lakini aliiweka juu ya kiganja cha kaka yake, akageuza uso pembeni kama baba alivyowafundisha, na kuifungua. Ilikuwa rupia moja nyeusi na komeo la sanduku.

Kabla hawajafika ufukweni mvua ikaanza. Kesho yake walipokwenda kutazama, maji yalikuwa mekundu kwa tope mpaka mbali ziwani. Waliporudi kwa mama walimkuta ameketi chini ya turubai, matone yakigonga bati chache zilizoegemezwa ukutani. Akawauliza kama wamepata chochote. Ambokile akampa ile rupia, na hakuweza kumtazama usoni.

Basi wewe uliyekuja leo kunishtakia kwamba ndugu yako hakuletei kitu tena, kabla hujamkamata mkono, niambie: ndani ya kamba uliyomfunga umeweka nini?