Mhina Kukwama Dirishani

Sogeeni karibu. Nina kesi, na hakimu sina.

Huko Tanga walikuwako marafiki wanne. Mboni alikuwa na masikio: akisikia nyayo tu nje ya mlango, anakutajia mgeni. Kibwana alikuwa na ulimi: aliwahi kwenda kumwomba radhi mkwewe, mkwewe ndiye akaishia kumwomba radhi yeye. Nasoro, fundi baiskeli, alikuwa na mikono: nati iliyoota kutu ilimlegea kama iliyobembelezwa. Na Mhina alikuwa na kichwa. Si akili, kichwa chenyewe. Kofia za dukani zilimkataa.

Jumamosi moja wakaenda Pangani kutembea. Siwema, mkewe Mhina, alikuwa mjamzito, ila siku zake zilikuwa bado, na mwenyewe alisema, "Nenda, unanizibia hewa."

Wakala samaki, wakatazama majumba ya kale kando ya mto. Mhina akamwachia Nasoro mkoba wenye simu yake, akajipenyeza peke yake katika jumba lililokuwa wazi. Alipofika chumba cha nyuma, akasikia mlango wa mbele ukitiwa kufuli. Akakimbilia dirisha la uani, akapitisha kichwa kati ya nondo ili aite watu. Kupita kilipita, kwa taabu. Kurudi kikagoma.

Uani palikuwa na mbuzi. Akaja, akamkagua, akaanza kumtafuna ukosi wa shati. Mhina alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akabaki kupiga chafya kwa vumbi.

Huko nje simu ikalia mkobani. Alikuwa mama mkwe: Siwema ameshikwa na uchungu! Marafiki wakahaha mji mzima wakimtafuta Mhina. Soko linavuma, kivuko kinanguruma. Ghafla Mboni akawanyamazisha wenzake.

"Chafya hiyo ni yake."

Akawaongoza hadi nyuma ya ukuta mrefu. "Mhina, umo humo?"

"Nimo! Kichwa nje, mwili ndani!"

"Mkeo ameshikwa na uchungu!"

Mhina akajivuta kwa nguvu, nondo zikamkaba. Alikuwa amemwahidi Siwema kwamba siku ya kujifungua hatamwacha peke yake. "Wallahi," akalia, "atakayenitoa hapa ndiye atakayempa mwanangu jina!"

Ufunguo alikuwa nao Bi Mwanakombo, mwenye nyumba. Aliposikia kuna mwanamume ndani, alisema, "Mwizi huyo. Mwacheni mbuzi ammalizie." Kibwana akamwamkia, akamjulia hali, akaisifu nyumba, akausikiliza ukoo wote hadi babu wa babu. Kisha akasema, "Bibi, mwizi gani anayejifunga mwenyewe kwenye dirisha la watu?" Bi Mwanakombo akacheka, akafungua. "Ila nondo za babu yangu hazikatwi! Afadhali likatwe hilo likichwa."

Nasoro akaomba mafuta ya nazi. Akampaka Mhina masikio, akayakunja kama chapati. "Shusha kidevu. Pumua. Usijikaze." Akakizungusha kichwa taratibu, huku na kule. "Haya, rudi nyuma!" Mhina akachomoka, akaanguka sakafuni, ananukia nazi na kulia. Bi Mwanakombo akapiga vigelegele.

Wakakodi gari, wakafika hospitali Mhina bado anang'aa mafuta. Alikuwa mlangoni mtoto alipotoa kilio cha kwanza. Binti.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Mboni akasema, "Ataitwa Zuhura. Nilimtunzia binti jina hilo, na binti hakunijia. Nisingekusikia, nani angekujua ulipo?"

"Ataitwa Subira," akasema Kibwana, "maana yule bibi nilimsikiliza mimi. Mlango usingefunguliwa, masikio yako na mikono ya huyu vingebaki barabarani."

Nasoro naye akadai lake. "Marehemu mama aliitwa Mwanahawa, na hakuna mtoto aliyerithi jina lake. Mhina, ulisema atakayekutoa. Aliyekutoa ni nani?"

Siwema alipopata habari alicheka mpaka nesi akamkaripia. Kisha akamwambia mumewe, "Kiapo umekula wewe. Mwanangu hataanza dunia na baba mwongo. Chagua mmoja, wala usiniletee majina matatu. Huyu ni mtoto, si ukoo."

Kesho ndiyo akika, siku ya mtoto kupewa jina. Mchele umekwisha kuchambuliwa, shehe amealikwa, na marafiki watatu wamekaa barazani kwa Mhina, hawasemezani.

Haya, mliosikiliza: ni wa masikio, wa ulimi, au wa mikono? Lau wewe ndiwe Mhina, kesho ungemwita binti huyo nani?